Sufuria Mkononi

…asiiweke chini, hilo tu, ikigusa meza imekwisha, hairudi tena kwenye bamba la moto mpaka Sabato itoke, na Anshel atakuta maharage yamepoa na mafuta yameganda juu ya nyama, kama atakuja, alisema atakuja, Alhamisi kwenye simu alisema nakuja kwa miguu, Mama, usiwe na wasiwasi, na Dvoshe akakimbilia vitunguu ili apate kisingizio cha kulia, miaka miwili mwanawe hajakanyaga nyumba hii, kofia kavua, dini kaiacha, lakini atakuja kwa miguu, bila kupanda gari siku ya Sabato, kwa heshima yao, na sasa majirani wa juu wameshakula, wanaimba, mpaka wanapiga meza, na yeye kasimama na sufuria nzito, joto linapenya vitambaa…

"Mama, unaipima uzito?" Fradel huyo, binti yake, mezani, mdomo mrefu kama wa shangazi yake.

"Wewe panga vijiko," akamjibu, yote haya kayaleta Menashe, mume asiyetaniana na sheria, ndiye aliyemfukuza mtoto, miaka miwili Dvoshe analisema hilo moyoni kila akiwasha mishumaa, ingawa usiku ule Anshel alipoondoka Menashe hakusema toka, alikaa kwenye ngazi mpaka asubuhi na soksi tu miguuni, na koti la Anshel la baridi, nani alilitoa kwa maskini, si Menashe, Menashe alilitafuta kabatini, akauliza liko wapi, naye akamjibu sijui… aache, asifikirie koti, vidole vinaungua.

Menashe akaingia jikoni, ndevu zimelowa maji ya kunawa. "Bado hajafika?"

"Unaona mtu hapa?"

"Basi irudishe motoni. Tumsubiri."

Dvoshe akadhani masikio yanamdanganya, mtu huyu ambaye njaa humfanya mkali, anasema tumsubiri…

"Iko mkononi bado, sivyo? Hukuiweka popote?"

"Sikuiweka."

"Na ulipoiinua, ulikuwa na nia ya kuirudisha?"

Aliuliza kama anavyouliza kila mara, maana nyumbani kwao, ili sufuria irudi motoni siku ya Sabato, kuishika mkononi peke yake hakutoshi, lazima na nia ya kuirudisha iwepo, lakini macho yake yalikuwa yanamwomba aseme ndiyo, neno moja tu, nani atajua, nia haionekani, na Dvoshe akairudia ile dakika, alipozisikia nyimbo za juu, alipovuta vitambaa kwa hasira, akainua, na moyoni akasema nini, akasema haji, haji huyu, tule tumalize, hakuwaza kurudisha kitu, alishamfuta moyoni mwanawe kama alivyomfuta siku alipolitoa koti lake, na anayemsubiri muda wote ni huyu hapa, huyu ambaye yeye mwenyewe alimbebesha lawama, kasimama na mikono mitupu anangoja jibu… akisema ndiyo atavunja Sabato kwa uongo, akisema hapana Menashe atamjua, atajua ni nani aliyefunga mlango wa nyumba hii, aibu ikampanda mpaka shingoni, na hamu ya mtoto ikamjia upya, kali, kama leo ndiyo kaondoka.

"Dvoshe?"

"Hapana," akasema, na sufuria bado iko mikononi mwake. "Nilikuwa nimeshamkatia tamaa."