Sakafu Isiyopenda Maji

Mtu akifiwa hulia. Ndivyo watu wanavyotarajia, na mama huyu aliwanyima. Siku ya kumzika mumewe nyumba ilifurika watu, na yeye amekaa macho makavu, anauliza kama vikombe vinatosha. Mawifi wakaanza kunong'ona: huyu ana roho ngumu, au pengine alishamchoka mzee. Loo, binadamu hawana jema. Hawakujua kwamba mwenzao amekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Unaupiga kofi, unajua ni wako, lakini hausikii.

Baada ya mazishi watoto wakakaa kikao. Mama asibaki peke yake kwenye ile nyumba, wakasema. Aende kwa mwanawe wa kwanza, yule dereva wa lori ambaye hata mkewe humwita Dereva. "Tuone kwanza," akasema Dereva. "Asipozoea, tutamrudisha kwake." Mama aliyasikia maneno hayo kutoka chumba cha pili. Jambo moja tu lilipenya ile ganzi: hakutaka kurudi kwenye kile kitanda alichoachiwa na marehemu, aliyefariki usiku kando yake bila kumwamsha. Mengine yote, wampeleke popote, wamlishe chochote, kwake yalikuwa sawa.

Nyumba ya Dereva ilitawaliwa na mkewe, mshonaji wa nguo za kike, mwanamke mwenye mdomo mwepesi na mkono mwepesi zaidi. Alishonea sebuleni. Na sebule hiyo, jamani, ilikuwa na sakafu! Mkamwana aliitamani tangu siku aliyoolewa. Alizunguka madukani mpaka wauzaji wakamzoea. Kwanza alitaka mbao za mti wenyewe, mti mgumu, maana muuzaji alimwambia ikichakaa unaipiga msasa, unaipaka mafuta, inarudi upya; itakuzika wewe na wajukuu zako. Lakini muuzaji huyohuyo alipomuuliza kazi yake, akatikisa kichwa. Kiti cha kushonea chenye magurudumu? Mikasi na pini zinadondoka kutwa? "Dada yangu, mti utachubuka na wewe utalia kila siku. Chukua lamineti." Akamweleza kwamba lamineti ni unga wa mbao ulioshindiliwa ukawa ubao, juu yake picha ya mti, na juu ya picha ngozi ngumu isiyojali mikwaruzo. Mshonaji akabeba sampuli nyumbani, akazipanga chini, akawa anazikanyaga kwa miguu mitupu na kuziangushia mikasi makusudi, mpaka Dereva akamuuliza kama anachagua sakafu au mume wa pili. Mwishowe akachukua rangi ya asali. Tangu hapo, mteja akiingia, kabla ya kuonyeshwa kitambaa, anaonyeshwa sakafu.

Ndiyo nyumba aliyoletwa mama.

Siku za mwanzo alilala tu. Si usingizi, alijinyoosha akatazama ukuta. Mkamwana alimletea chai, akaiweka karibu na kitanda, akamtania: "Mama, ukiiacha ipoe nitakushonea gauni la mikono ya puto, na utalivaa." Mama alitabasamu kwa adabu, kama mtu anayetaniwa kwa lugha asiyoijua. Jioni chai iliondolewa kama ilivyoletwa.

Halafu alfajiri moja akakumbuka wanavyosema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa hakuna aliyempa jembe, na asiye na jembe ndiye hurudishwa kwao. Akanyanyuka. Akatafuta ndoo, akaijaza, akatia sabuni, akapandisha nguo magotini, akaimwagia ile sebule maji kama alivyoimwagia sakafu yake ya saruji miaka yote ya ndoa. Akasugua kwa brashi, akakusanya maji kwa tambara, akafungua madirisha. Kulipokucha sebule nzima inang'aa na kunukia sabuni.

"Mama, umedeki?" akauliza mkamwana.

"Nimefutafuta tu, mwanangu."

Mkamwana aliitazama sakafu, akamtazama na mama, ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa amekaa mezani anapuliza chai. "Ahsante, mama," akasema, akaenda kwenye cherehani yake.

Basi ikawa desturi. Tusidanganyane, mama hakuifurahia kazi ile. Hakufurahia kitu. Ila mikono iliijua, na kichwa hakikuhitajika. Akimaliza alihisi njaa kidogo, na akihisi njaa alikula kidogo. Siku nyingine alikaa karibu na cherehani akishikilia upindo wa nguo, na mkamwana akamsimulia mambo ya wateja: yule anayetaka kiuno ambacho Mungu hakumpa, yule anayedai nguo imebana wakati aliyenenepa ni yeye. Mama aliitikia "eeh" mahali panapostahili.

Lamineti haina kelele. Inakunywa tu. Maji yalijipenyeza kwenye maungio, ule unga wa ndani ukavimba, na kingo za mbao zikaanza kuinuka, kwanza mlangoni, kisha chini ya dirisha. Kiti cha kushonea kikawa kinagonga kila kikipita. Mteja mmoja akajikwaa akiwa ndani ya gauni lililojaa pini, na yowe alilopiga msiniulize.

Dereva, alipoambiwa kwa simu huko safarini, akasema bila kufikiri kwamba bomba linavuja, akampigia fundi bomba. Fundi bomba akabomoa ukuta chini ya sinki, akaingiza mkono, akautoa mkavu. "Bomba lenu ni zima kuliko mimi," akasema, akaondoka akawaachia tundu. Mkamwana akalifunika na pazia.

Na mama, je? Hakuwa mjinga. Aliona kwamba uvimbe unafuata njia ya brashi yake. Lakini kuona ni kitu kimoja na kujali ni kingine, na kwake upande wa kujali ulikuwa bado umefungwa. Asipodeki angeamka afanye nini? Kesho yake akajaza ndoo tena.

Dereva alirudi akiwa na fundi wa sakafu. Fundi akapiga magoti, akang'oa ubao mmoja wa pembeni, akaukunja, nao ukamegeka kama mkate uliochovywa kwenye chai.

"Haya maji hayakutoka chini," akasema. "Yameingia kwa juu. Nani anadeki humu?"

"Mimi," akadakia mkamwana, hata kabla fundi hajafunga mdomo.

Mama, kwenye kiti chake, akatazama mikono yake.

"Basi dada, umeiua. Hii ni ufagio laini, na kitambaa kilichokamuliwa mpaka hakitoi tone. Kikimwagika kitu, unafuta hapohapo. Hata mti mgumu haupendi kuogeshwa, ila ule ukivimba kidogo unaweza kuusubiri ukauke, ukaupiga msasa. Hii ikivimba ndiyo basi. Mng'oe yote." Akapima chumba, akaaga.

Dereva akamgeukia mkewe. Alikuwa na uchovu wa safari, na hasira ya mtu aliyebomolewa ukuta bure. "Yaani wewe! Ulitusumbua na sampuli mpaka nikawa naota mbao. Halafu unaiosha kama lori?"

"Nimekosa."

"Umekosa! Nilisema tuweke vigae, ukaniona mshamba. Una akili wewe?"

Mkamwana, mwenye mdomo wake ule, aliinamisha kichwa akaanza kuokota pini. Mama aliyaona hayo kama anayaona kupitia kioo cha dirisha. Alijua kwamba hapa mtu mzima angesema neno. Neno lilikuwepo, lakini ulimi ulikuwa mzito, na akafikiri: nikisema, ndiyo safari yangu. Akanyamaza. Aibu ilikuwa mahali fulani, mbali, na ilikuwa inakuja.

"Sasa vitu vyote vitoke," akaendelea Dereva. "Na mama hawezi kukaa kwenye vumbi. Kesho nampeleka kwake akae mpaka tumalize, halafu tuone."

Basi kumbe hata kunyamaza hakukumwokoa. Atarudi kitandani kule, na huyu binti atabaki na jina la mjinga ndani ya nyumba yake.

"Ni mimi," akasema mama.

"Wewe nini, mama?"

"Niliyemwaga maji. Kila alfajiri. Mkeo hajagusa ndoo."

Dereva akaduwaa. Kumgombeza mama hakuweza, basi akarudi kwa mkewe. "Na wewe ulikuwa wapi siku zote hizo? Ulikuwa husikii?"

"Nilikuwa nasikia."

"Ulikuwa unasikia ukanyamaza? Sakafu yako mwenyewe?"

"Ulitaka nimwambie nini?" Sasa mkamwana aliinua kichwa, na sauti ikapanda. "Wewe uko barabarani, hujui. Mama yako alikuwa haamki, Dereva! Chai naiingiza, chai naitoa. Nikawa nachungulia mlangoni kuona kama anapumua. Halafu siku moja nasikia ndoo. Nikasema, ameamka. Unataka nitoke nimwambie mama, weka ndoo, rudi ukalale? Sakafu nitaweka nyingine nikijaliwa. Nitaweka hata kumi."

Dereva akatoka nje. Akajifanya anakagua tairi za lori.

Mama alibaki anamtazama mkamwana. "Ulikuwa unanisikia kila siku?"

"Kila siku, mama. Kuna siku ulichelewa. Nilikaa kitandani nimejishika kifua, naogopa, mpaka niliposikia maji."

Hapo ndipo msiba ulipomfika. Mama akashika mkono wa kiti akatoa sauti ambayo hata yeye hakujua ni yake. Alilia kama mtu aliyepewa habari sasa hivi. Alimwita mumewe kwa lile jina la chumbani ambalo watoto hawakuwahi kulisikia, akamuuliza amemwachia nani, akamuuliza kwa nini hakumwamsha. Mkamwana alimshika mabega, naye analia, na Dereva huko nje akasimama kando ya lori, mkono kwenye tairi, akashindwa kuingia.

Jirani akaja mbio, mikono ina unga, akasimama mlangoni.

"Jamani, kuna nini? Nani amefariki?"

"Baba mkwe," akasema mkamwana.

Jirani akataka kusema kwamba huyo si alishazikwa, hata yeye alikwenda. Akamtazama mama. Akavua viatu, akasema "Poleni," akaingia akakaa.