Stensili Moja kwa Taifa Moja

Bwana Bonaventura alinitia kinyaa, nasema wazi, na mpaka leo nikimkumbuka mate hunijaa mdomoni.

Alipoletwa kuwa mkubwa wetu kwenye elimu ya watu wazima hapa Lindi, alinikuta nachapa kila mtihani mara tatu kwenye karatasi za nta: stensili ya mashine yetu ya kudurufu, ya Kilwa, na ya Mtama. Mashine zenyewe zilikuwa misaada ya nchi tatu, na kila moja ina meno yake ya kushikia stensili. Tundu zikikosana na meno, stensili inajikunja, wino unavuja. Nikamweleza. Akasema nafuja mali ya umma: taifa moja, chama kimoja, stensili nayo iwe moja, izungushwe kote. Wenzangu wakapiga makofi. Ptuu!

Siku ya mtihani tukaenda Mtama na stensili yetu ile moja. Karatasi zilizotoka kwenye mashine ya kule zilikuwa uchafu mtupu, masizi ya chungu yana nafuu. Nikaomba niandike maswali ubaoni. Akakataa, eti ripoti imeshaandikwa kwamba zoezi limefana.

Mstari wa mbele alikaa Bi Likwata. Huyu, mke mwenzake alimzawadia kanga yenye maneno ya kumtusi, naye kwa kutojua kusoma akaivaa hadi msibani, watu wakacheka na maiti hata haijatoka. Ndipo akajiandikisha darasani, akaapa hatavalishwa tusi tena. Nilishamsikia kwa masikio yangu akisoma bango la duka la ushirika bila kukwama.

Sasa akaishika ile karatasi, akaigeuza, akaisogeza machoni, akaipeleka mbali. Jasho likamtoka. Bonaventura akamsimamia kichwani.

"Huyu hajui kusoma," akaniambia. "Andika hivyo."

Nikamwambia basi aisome yeye. Akaikunja, akaitia mfukoni, akapita kwa mwingine. Mtu mzima na suruali yake!

Nilimkimbilia Bi Likwata nje, nikampa shikamoo, nikaanza kumweleza habari ya mashine na meno yake. Hakuwa ananisikiliza. Alikuwa amevaa kanga mpya, aliyoichagua na kuinunua mwenyewe baada ya kuyasoma maneno yake. Akalivuta pindo, akalitandaza mbele yangu.

"Mwanangu, nisomee hii," akasema kwa sauti ndogo. "Isije ikawa nayo ni tusi."