DJ Asiyesahau Sura

Dada Mkubwa alimtambua DJ kabla hata hajaketi. Loo! Kati ya ma-DJ wote wa mji mzima, shangazi wa bwana harusi kamchagua huyu! Ndevu zimeongezeka, na jina la kazi siku hizi ni Sisahau, lakini mtu ni yuleyule. Ndiye aliyepiga muziki miaka mitatu iliyopita, mdogo wake Dada Mkubwa alipokaa ukumbini na shela kichwani akimngoja bwana ambaye hakutokea. Alipiga nyimbo za kuvuta muda mpaka wageni wakaanza kuchukua mikoba yao.

Sasa mdogo wake huyo anaolewa na mwingine, na upande wa bwana harusi haukujua habari hiyo. Dada Mkubwa, fundi cherehani, mtu wa kushona na kunyamaza, ndiye aliyeibana. Aliwaapisha wajomba, akazima maneno ya majirani, akachoma picha zote. Maana siku ya posa Shangazi alisema waziwazi kwamba mwanamke aliyeachwa kwenye mataa haingii ukoo wao. Likitoka neno moja tu hapa, harusi imekwenda na maji.

"Shangazi, tuangalie na wengine," alinong'ona. "Spika za huyu naona zimechakaa."

"Zimechakaa wapi, mwanangu? Nyingine bado ziko kwenye maboksi!" Shangazi akajituliza kwenye kiti. "Huyu hasahau mtu. Harusi ya jirani yangu alimsalimu kila mgeni kwa maiki, akataja na sherehe alikomwona. Watu walivimba vichwa!"

Ndiyo hapo sasa. Dada Mkubwa alikaa ukingoni mwa kiti, roho mkononi. Chumba chenyewe cha DJ kilikuwa chembamba, juu ya duka la rangi, kuta zimebandikwa trei za mayai kuzuia kelele, nyaya zimetapakaa sakafuni.

"Karibuni, mama zangu," DJ alisema. "Picha ya maharusi mnayo? Mimi naanza na sura. Nyimbo baadaye."

Shangazi akatoa simu, akaikuza picha kwa vidole, akampa. DJ akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Akamtupia jicho Dada Mkubwa, kisha akarudi kwenye picha.

"Huyu bibi harusi," alisema taratibu, "mimi namjua."

"Unamjua wapi?" Shangazi akauliza.

"Ngoja. Usiniambie, itakuja tu." Akafumba macho, akawa anagongagonga meza kwa kidole.

Jamani, kungoja kule! Shangazi ametoa macho, feni inalia juu, kidole kinagonga. Dada Mkubwa alitamani amzibe yule mtu mdomo kwa kitambaa. Kisha akaona aibu: kwani mdogo wake aliiba? Aliua? Potelea mbali. Kama ni kusemwa, basi aseme mtu anayempenda.

"Ni kweli!" alipayuka. "Ulimpigia muziki. Alishavaa na shela, bwana akaingia mitini, na mimi ndiye niliyemshika mkono kumtoa ukumbini. Hakukosa lolote yule mtoto. Shangazi, ukitaka kulaumu, nilaumu mimi niliyeficha."

DJ akafumbua macho, amepigwa na butwaa. "Mimi... nilitaka kusema namwona pale benki. Dirisha la pili."

Haya sasa! Kajitia kitanzi mwenyewe, tena mchana kweupe!

Shangazi hakupiga kelele, na hilo ndilo lililotisha. Alichukua simu yake, akampigia mpwa wake, bwana harusi, akaiweka mezani wote wasikie.

"Mchumba wako aliwahi kuachwa ukumbini. Ulijua?"

Ikasikika mashine ya kukata mbao upande wa pili, kisha ikazimwa. "Nilijua, Shangazi. Aliniambia mapema kabisa."

"Na mimi je?"

"Kwa maneno yale uliyosema siku ya posa, ningeanzia wapi?"

Shangazi akakata simu. Dada Mkubwa machozi yalimtoka, nusu ya furaha, nusu ya hasira. "Hata mimi hawakuniambia," alisema. "Silali, nazima moto kila kona, kumbe wenyewe walishamalizana!"

Shangazi alizungusha simu mezani. "Siku ile alikaa muda gani pale kwenye kiti?"

"Mpaka wapambaji walipoanza kushusha mapazia."

Shangazi akageuza uso ukutani. Aliporudi kuzungumza, sauti ilikuwa imemshuka. "Na mimi nikayasema yale maneno, naye ameinama ananimiminia chai. Hata mkono haukumtetemeka."

Shangazi akapangusa macho kwa ncha ya mtandio, akamgeukia DJ.

"Nimekuchukua, baba. Ila siku ya harusi maiki utanipa kwanza mimi. Akiniruhusu mwenyewe, nitasimama mbele ya watu wote niseme kwamba kuna mpumbavu alimwacha binti huyu na shela kichwani, na kwamba mimi nusura niwe wa pili."