Nani Atamunawisha Mama Ngalula

Mama Ngalula alikufa siku ya tatu ya juma, mbele jua itoke, na mpaka saa ine ya asubui hakuna hata mwanamuke moya mwenye alivuka barabara kuya kumuona. Hata moya! Na ile barabara haiko kubwa. Ni barabara ya Kasulo, mutaa ya Kolwezi, ya mavumbi na mashimo, ukiruka mara mbili uko ng'ambo. Lakini ile siku ungesema banapitisha muto Lualaba yote pale katikati.

Tata Stanislas alikuwa anasimama ku mulango ya lupango yake, kiwanja ya nyumba yake, mikono ku kiuno, anaangalia. Lupango yake na ya Henri, bwana ya marehemu, zinaangaliana uso kwa uso. Aliona Henri anaikala peke yake pa kiti ya plastiki, kofia ku magoti. Hakuna bashi juu ya kuzuia jua, hakuna mbabula ya moto, hakuna bamama ba kulia. Kilio gani hii? Hata kuku ikikufa batoto banakusanyika kuangalia!

Stanislas ni Mulunda, tata Mulunda, mama Mulunda, ba kule Dilolo. Henri ni Muluba ya Kasai. Njo vile banasema. Lakini huyu Henri alizaliwa hapa hapa Kolwezi, mu kambi ya bafanyakazi ya machimbo ya mukuba, ile shaba. Tata yake njo baliletaka na treni, wakati ya bazungu, juu ya kuchimba. Sasa leo banamuita mukuya-kuya. Alikuya kutoka wapi? Kama alikuya, alikuya kutoka mu tumbo ya mama yake, sawa shi bote.

Na Ngalula sasa, njo inaumiza zaidi. Mu ile avenyi, ile barabara yabo, mwanamuke akikufa, mutoto yake hana ruhusa ya kumunawisha. Mutoto hawezi kuona uchi ya mwenye alimuzaa. Inafaa banamuke mbili, benye bamekwisha kuzaa, benye habana damu moya na maiti. Na ile kazi bantu banaiogopa. Miaka zaidi ya makumi mbili, ilikuwa ya Ngalula. Banamuita usiku, anakuya. Banamuita mu mvula, anakuya, na beseni yake mwenyewe ku kichwa. Anaingia, anafunga rido, pazia ya mulango, halafu unamusikia ndani anazungumuza na maiti sawa vile na mugonjwa: «Mama, geuka kidogo, unisaidie, mugongo yangu inauma.»

Wakati Louise, bibi ya Stanislas, alikufa, mwili ilikuwa imevimba sana. Badada yake, damu yake kabisa, balisimama inje na vitambaa ku pua. Ngalula njo aliingia. Alikaa ndani muda murefu. Alimufunga kinywa, alimupakala mafuta ku miguu, alimusuka hata nywele. Kisha akatoka, anapanguza mikono, akasema: «Tata Stani, bibi yako iko muzuri. Ingia umuone.» Na Stanislas aliingia, na Louise alikuwa muzuri kweli.

Sasa, juma mbili mbele ya hii kufa, kulikuwa reinion, mukutano ya bantu. Kulikuwa shirika ya mupya, banaiita Bana ya Udongo, ya benye banasema udongo ya Kolwezi ni ya bankambo yabo beye tu. Prezida ni Blanchard, kijana ya miaka makumi ine, ananunuaka mawe ya mukuba, viatu nyeupe hata mu matope. Blanchard alisimama akasema bageni bamekuwa mingi, treni inabamwanga kila juma, banakamata bisima, banakamata masoko. Hapo bantu banapiga makofi. Akasema: toka leo, kila muntu azikwe na ba kwabo. Mwana ya udongo akionekana anatumika ku kilio yabo, jina yake inatoka ku liste ya shirika. Bantu bakapiga makofi tena. Na Stanislas naye alipiga. Juu ya nini? Juu mwenye kukaa kuume alipiga, na mwenye kukaa kushoto alipiga. Mikono inaenda yenyewe! Muzee ya miaka makumi saba na ine!

Njo pale ku mulango yake alianza kusikia ile mikono namna inamulemea.

Akavuka. Akapatia Henri mukono, akaikala chini juu hakukuwa kiti ya pili.

— Henri, bantu ya kanisa yenu beko wapi? Na mutualite, chama ya kusaidiana ya bana Kasai?

— Nilituma neno kwa Donatien, Henri alijibu, macho chini. Hajakuya.

Stanislas akasimama, akaenda kwa Donatien mwenyewe, avenyi ya tatu. Donatien njo mukubwa ya mutualite, muntu ya lunette ku macho, sauti pole. Alimukaribisha muzuri, alimupatia maji ya kunywa. Lakini kusikia neno ya Ngalula, akaweka kopo chini.

— Tata, na we sina shida. Lakini ule mama alituacha. Mutoto yake, Annie, alimupatia bwana ya Kisenge, Mulunda. Kila kilio ya kwenu, ye mbele. Ku mutualite hatumuoni. Acha benye alipenda bamuzike.

— Bamekatala.

— Ah! Sasa unaona bantu yenu namna beko!

Na alisema vile karibu kucheka. Ile ilimuchoma Stanislas kupita tusi. Mama analala pa mukeka, jua inapanda, na huyu bwana anafurahi juu amepata haki! Hakumaliza maji. Aliondoka bila kuaga, ye mwenye anaagaka hata mbuzi.

Akaenda kwa Blanchard. Alimukuta anakula mukate na mayai, redio inalia.

— Tata Stani! Karibu mezani.

— Sikukuya kula. Ngalula amekufa.

— Nimesikia. Pole kwabo.

— Banamuke banaogopa juu yako. Ita bibi yako, ita mama mwingine, bavuke bamunawishe. Neno yako moya tu.

Blanchard akatafuna pole pole.

— Tata, mwe bazee njo munatuharibishiaka kazi. Hatuchukie muntu. Tunasema tu, kila muntu na ba kwabo. Biko wazi, hapana?

— Mama yako, mwenye alikuzaa, nani alimunawisha?

— Ile ilikuwa zamani. Hatukukuwa na shirika.

Stanislas akasogea mpaka pa meza. Kisha akasema:

— Basi mbele ya shirika mulikuwa bantu. Sasa munakuwa nini?

— Nkambo, usikasirike, tension ya damu itakupanda, Blanchard alisema, na akaongeza redio.

Wakati alirudia, aliona moshi nyuma ya nyumba ya Henri. Akazunguka. Annie, mutoto moya ya marehemu mwenye alibaki, alikuwa anapuliza moto chini ya sufuria kubwa. Macho yake yalikuwa kavu.

— Annie, ile maji ni ya nini?

— Ya mama.

— Na nani atamunawisha?

— Mi, tata. Padri atakuya saa nane. Joto iko inapanda, we mwenyewe unaona.

— Hapana. Hauwezi. Ni mama yako.

— Najua ni mama yangu! Annie alilia sasa, kwa nguvu. Munataka alale vile? Na jasho ya ugonjwa ku ngozi? Ye mwenye alinawishaka bantu yenu bote! Nionyeshe mwingine, tata. Nionyeshe moya, niache!

 Stanislas aliangalia ile maji inaanza kufanya mapovu. Mu 1992, wakati bana Kasai balifukuzwa, Henri na Ngalula balilala ku gare ya treni juma tano, banangoja, na kitoto yabo ya kwanza ilikufia pale pale, pembeni ya reli. Siku yenye balitoka, na matela ya kulalia ku kichwa, Stanislas alikuwa nyuma ya rido ya nyumba yake. Alibaona. Hakufungua mulango. Wakati balirudiaka, Ngalula alimusalimia ya kwanza, na hakumuuliza hata siku moya juu ya ule mulango.

— Usiguse kitu, alimuambia Annie. Toa moto kidogo. Unipatie wakati ya sigara moya.

Ye havutaki.

Akatoka mpaka katikati ya barabara, akavua kofia, akaanza kupiga kelele, na sauti ya muntu mwenye alifanya kazi miaka makumi tatu pembeni ya mashini ya kusaga mawe na hajui kusema pole pole.

— Mwe banamuke ya hii avenyi! Mutoke!

Pikipiki ikapiga honi.

— Muzee, toka mu barabara!

— Pita juu yangu, kama mama yako anakupatia ruhusa!

Pikipiki ikazunguka. Ku madirisha, marido yakaanza kutikisika.

— Kwa lupango ya mulango ya kijani! Nkambo yenu alikufa na kolera, mulikimbia bote mpaka kwa bajirani. Nani aliingia? Kwa Mama Tatiana, pale! Muloko yako, ndugu yako mudogo, alikufa na mimba ndani. Nani alimukamata, nani alimufunga muzuri mbele bwana yake amuone? Na we Elise, we muloko wangu ya tumbo moya! Mama yetu! Mama yetu sisi babili! Ulikuwa unasimama wapi? Inje, na mi! Na ndani alikuwa nani?

 Kitoto moya ilicheka, mama yake akaipiga.

— Na mi! Mi nilipiga makofi! Ku reinion, banasema kila muntu azikwe na ba kwabo, na mi nikapiga na hii mikono! Ba kwabo ni banani? Bale banawisha maiti yetu miaka makumi mbili beko ba nani? Mutoto iko nyuma ya nyumba anachemusha maji ya kunawisha mama yake mwenyewe! Munasikia? Mutoto! Hapa Kasulo, kati yetu, na shi tuko banzima!

Mulango ya Elise ikafunguka, pa! Elise, miaka makumi sita na saba, munene, kitambaa ku bega, hasira ku macho.

— Yaya, mukubwa yangu, funga kinywa! Banakusikia mpaka Nzilo.

— Basikie!

— Unanitukanisha mbele ya bantu, mi muntu muzima.

— Umejitukanisha mwenyewe.

Elise akamupita, akamusukuma na bega, akaenda moya kwa moya mpaka kwa Henri. Pale akapiga goti kidogo, akasema: «Tata Henri, utusamee.» Halafu akapaza sauti: «Iko wapi ile maji? Na munipatie beseni. Si hii, kubwa!»

Nyuma yake Tatiana akatoka, mwenye anauzishaka bitumbula, maandazi, asubui, unga ingali ku mikono.

— Mi nilikuwa naogopa, tata. Bwana yangu anauzisha mawe yake kwa Blanchard.

— Najua. Enda unawe mikono.

Milango mingine ilibaki ya kufunga. Yote! Tusidanganye bantu. Avenyi nzima, banamuke mbili. Lakini mbili inatosha.

Annie alikuwa amekwisha kuingia na sufuria. Stanislas akasimama inje ya rido, akamuita na sauti pole, ya kwanza toka asubui:

— Toka, mwana yangu. Haiko kazi yako. Bamama bamekuya.

Annie akatoka. Akaona Elise, akaona Tatiana, akaikala pale pale mu mavumbi, akalia mama yake sawa vile mutoto inafaa alie.

Maneno inaruka sawa moshi. Rido haijafungwa, Blanchard huyu, na viatu yake nyeupe.

— Mama Elise, unajua jina yako itatoka ku liste.

— Toa, Elise alijibu toka ndani, bila kutokeza kichwa. Na ukikwisha kutoa, tuletee sabuni, ya hapa ni kidogo.

Bantu benye balikuwa ku madirisha bakacheka. Blanchard hakucheka. Akarudia kwake.

Saa nane padri akakuya. Ngalula alikuwa mu sanduku, kitambaa nyeupe, nywele ya kusuka, uso ya kupumuzika. Henri alimuangalia sana. Na sasa, juu padri iko pale na bantu banaanza kukusanyika, nani anakuya tena na suti? Blanchard! Anakohoa, anaomba neno kidogo, kwa jina ya shirika, juu ya kupatia familia pole.

Stanislas akasimama mbele yake. Hakupandisha sauti, ilikuwa imekwisha.

— Hapana. Asubui ulikuwa na mayai ya kula. Sasa hauna neno. Na usikie, na padri asikie, na bote: siku mi nikikufa, hakuna muntu ya shirika yenu mwenye atagusa mwili yangu. Hata kidole. Hata kufunga macho. Henri njo ataninawisha.

Blanchard aliangalia padri. Padri aliangalia kitabu yake. Hakuna mwenye alimusaidia, akatoka kama vile alikuya.

Henri, mwenye hakukuwa amesema maneno mingi siku yote, akavuta Stanislas ku mukono ya shati.

— Stani, mugongo yangu hii. Sitaweza kukugeuza.

— Utanigeuza pole pole, Stanislas alijibu. Mi sitakuwa na haraka.