Gari la Kwenda Tu

"Mzee, watu wakija hapa wanauliza betri. Wewe unapapasa viti."

Dalali alisema hivyo akicheka, funguo zikining'inia kidoleni mwake. Fundi alikuwa amepiga magoti kando ya mlango, mkono ameuingiza chini ya kiti cha pembeni ya dereva, akibonyeza sponji kwa vidole vitatu, jinsi daktari anavyobonyeza tumbo la mtoto. Maisha yake yote ameshona viti vya magari na makochi ya nyumbani, mpaka mtaa ukamsahau jina ukabaki kumwita Mzee Sponji. Kwake yeye gari ni viti. Hayo mengine ni bati na kelele. Na hili lililokuwa mbele yake hata kelele halikuwa nazo. Lilikuwa gari dogo la umeme, jeupe lililofifia, lenye mkwaruzo mrefu ubavuni.

"Mwenye gari hili alikuwa anaishi peke yake," fundi alisema.

"Umejuaje?"

"Kiti cha dereva kimebonyea. Hiki cha pembeni hakijakaliwa na mtu."

Dalali akakuna kichwa. Akaona afadhali aseme ukweli kabla mzee hajaupapasa na huo. Bei iko chini, akaeleza, kwa sababu betri imechoka. Mjini linatembea bila shida, na unalichaji nyumbani kwenye soketi ya kawaida. Safari ndefu ndiyo kasheshe.

Fundi akamtajia mji anaoishi binti yake.

"Kufika utafika," dalali alisema. "Kurudi siku hiyohiyo, sahau. Mpaka lilale kwenye umeme usiku kucha. Kusema kweli mzee wangu, hili ni gari la kwenda tu."

"Nalichukua."

Dalali, aliyekuwa amejiandaa kubembeleza mpaka jioni, akaanza kuandika risiti kabla mzee hajabadili nia.

Msije mkadhani mzee huyu ni mtu wa kununua vitu hovyo. Alitafuta gari kwa miezi. Lile lake la zamani lilikuwa na injini kubwa iliyokula mafuta kama imetumwa. Enzi za mkewe hakulalamika, maana mkewe alikaa pembeni akimsimulia mambo ya majirani, na safari ikaisha kabla habari hazijaisha. Baada ya kumzika ndipo lile gari lilipoanza kuonekana ghali. Na binti yao wa pekee, aliyeolewa akahamia mbali, akawa wa kwanza kumuunga mkono. Kila mara fundi aliposema anakuja kumwona, jibu lilikuwa tayari: "Baba, mafuta yamepanda. Usijisumbue, tutakuja sisi."

Hawakuja. Naye mzee wa watu, mwenye jicho la kuona uzi mmoja uliolegea kwenye kiti kizima, akalimeza neno hilo bila kulitafuna. Tatizo ni mafuta, basi dawa ni gari lisilokula mafuta. Akaanza kuulizia. Magari mapya ya umeme yalikuwa ya wenye nazo. Yale yanayochanganya umeme na petroli, wauzaji walimtajia bei huku wanamtazama viatu. Vigari vya kubana mafuta alivyoweza kumudu vilikuwa vimeshachoka kuliko yeye. Jioni alifunga karakana, akala amesimama jikoni, akalala upande wake uleule wa kitanda. Alikuwa mpweke, tena sana, wala hakuwa na mtu wa kumwambia.

Gari la zamani alipata mtu wa kulinunua. Mtu huyo akalalamika kwamba kiti cha pembeni kimezama, akataka kijazwe sponji kwanza. Sponji ilikuwa imejaa karakana nzima. Fundi akakataa katakata, akaona bora apunguze bei.

Siku alipoleta lile dogo nyumbani, alimpigia binti yake.

"Mwanangu, nimepata gari halinusi hata tone la mafuta."

Upande wa pili binti akakohoa.

"Hongera, baba," binti akasema. "Ila barabara imeharibika mno siku hizi. Ngoja nizungumze na mwenzangu, nitakwambia."

Fundi akaweka simu chini. Mafuta yameondoka, imekuja barabara. Hapo ndipo wazo lilipomchoma kwa mara ya kwanza: labda hatakiwi. Alilifukuza, likarudi. Kesho yake alishona mshono ukaenda upogo, akafumua, akashona tena, ukaenda upogo vilevile.

Jumamosi akaondoka bila kumwambia mtu. Alitaka kujua moja. Kama mwanawe hamtaki, amwambie usoni, na yeye atalala ndani ya gari mpaka apate umeme wa kurudia.

Barabara haikuwa imeharibika. Ilikuwa na lami mpya, nyororo, na unyororo huo ulimuuma njia nzima. Alizima redio na feni ili kuokoa betri, jasho likamtiririka mgongoni, malori yakampita yakimpigia honi. Gari halikutoa hata mlio wa kumliwaza. Mara mbili alijikuta amegeukia kiti cha pembeni akitaka kusema kitu.

Binti alifungua mlango, akasimama katikati yake. Alikuwa amekonda.

"Shikamoo, baba. Ungepiga simu."

"Marahaba. Ningepiga, ungeniambia daraja limevunjika."

Binti akatazama chini, kisha akampisha, shingo upande.

Sebuleni lilikuwepo kochi la kijani ambalo fundi alilitengeneza kwa mikono yake kama zawadi ya harusi. Anakumbuka siku ile mkwe wake, jitu la kilo zake, alivyojitupa upande wa kushoto akatangaza mbele za watu kwamba hapo ndipo makao yake. Mtu mnene vile asingekalia kochi hata mwezi bila kuacha alama.

"Mkwe hajambo?"

"Hajambo. Yuko kazini."

Fundi akapitisha kiganja juu ya kochi. Upande wa kushoto kitambaa kilikuwa kimekaza, bado kina mng'ao wa dukani. Upande wa kulia sponji ilikuwa imezama shimo, na mkono wa kochi umepauka pale mtu anapolaza kichwa. Akaenda hadi mwisho, akarudi.

"Mito hii nilikwambia uwe unaihamisha," alisema. "Wa huku uende kule, ichakae sawasawa."

"Ili nani akae kule, baba?"

Neno lilimtoka tu. Binti akaziba mdomo kwa kiganja, lakini lilikuwa limeshatoka.

"Ameondoka tangu lini?" fundi akauliza.

"Mwaka wa pili huu. Tulikuwa ndiyo kwanza tumemzika mama. Nikaona usije ukaona nyumba ilivyo." Akageuka kulitazama kochi. "Ulimsifu sana yule mtu, baba. Niliona aibu."

Moyo wa fundi ulimuuma, na papo hapo ukapumua, kwa kuwa hakukataliwa. Halafu akajionea haya kwa kupumua, mwanawe amesimama pale anafuta machozi kwa ncha ya khanga.

"Unarudi saa ngapi?" binti akauliza baadaye.

"Halirudi leo. Nilikuwa naomba soketi."

Binti alichungulia dirishani, akalitazama lile gari na mkwaruzo wake, akamtazama baba yake.

"Umenunua gari lisiloweza kurudi?"

"Nimenunua la kufika."

Binti akatoa kicheko kidogo cha puani, cha mama yake kabisa. Wakapitisha waya dirishani, dirisha likakataa kufunga, wakalipachika gazeti. Binti akaketi mahali pake, ndani ya shimo lake. Viti vya mezani vilikuwepo, fundi angeweza kuvuta kimoja. Akaenda upande wa kushoto wa kochi, akashuka taratibu. Sponji ilimsukuma juu, ngumu kama siku aliyoijaza.

"Pagumu huku," alisema.

"Si umetengeneza mwenyewe."

Nje, taa ndogo ya gari iliwaka, ikazima, ikawaka. Binti akauliza betri itajaa lini. Fundi alijisogeza, akajisogeza tena, akitafuta namna ya kukaa.