Panya Asiyeachia Waya

Kila Jumatatu asubuhi mlezi wa panya wa maabara alibadilisha maranda kwenye vizimba, akajaza chupa za maji, kisha akawaning'iniza wagonjwa wake kwenye waya mmoja mmoja, ili ionekane nani anadumu. Walikuwa panya waliozaliwa na misuli inayooza kidogo kidogo. Chini palitandikwa sponji. Wengi walidondoka hata kabla hajamaliza kupiga chafya.

Yule wa sikio moja, aliyekuwa akipewa dawa mpya, hakudondoka. Jioni wafanyakazi wakazima taa, wakamwacha. Kesho yake wakamkuta palepale, mkono mmoja kwenye waya, mwingine unachana sharubu.

Profesa, ambaye wafanyakazi walimwita Subirini kwa kuwa hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila jambo, alimkagua, akatamka kwamba dawa inafanya kazi, akamtundikia koti lake. Panya hakutetereka. Wiki haijaisha, alikuwa amebeba makoti matatu, mwavuli na mkoba wa mhasibu. Watu wakamsifu kwa kupunguza msongamano wa makoti mlangoni.

Mlezi alikuwa na binti mwenye ugonjwa uleule. Miguu ilishamtupa, sasa hata kikombe cha chai kilimshinda. Mlezi akauliza wanadamu wataipata lini dawa hiyo.

"Mama, wagonjwa wenyewe wachache, hailipi," Subirini akasema. "Kampuni inaipeleka kwa farasi wa mashindano. Nyie subirini."

"Mwanangu hashindani na mtu, profesa. Anataka kushika kikombe tu."

"Basi si mteja."

Ijumaa mlezi alikosa wa kumwachia mtoto, akaja naye, akaegesha kiti chake cha magurudumu chini ya waya. Panya akamtazama kwa muda, akashusha mkia, akauzungusha kwenye kiganja cha mtoto, akamvuta taratibu mpaka akasimama.

"Mama, huyu ana nguvu kukuzidi."

"Usimsumbue, mwanangu. Yuko kazini."

Hapo Subirini akaingia na wageni, wenye farasi, wote wamevaa vizuri. Akamsalimia mtoto, akamsifu kwa kukua, kisha akamwomba kwa adabu aketi, maana nafasi inahitajika.

Mlezi akamrudisha binti yake kitini, akampangusa kiganja, akapokea makoti ya wageni, akayatundika juu ya yale mengine. Panya akayabeba yote. La mwisho lilikuwa zito, linanuka farasi.