Penalti ya Wakwe

Walimwita Gundi, na jina hilo hakulipata bure. Kwa miaka kumi na mitatu alilinda lango la timu ya taifa, na mpira ukishatua mikononi mwake ulikuwa umefika kwao. Shuleni alianza kama mshambuliaji mvivu. Siku kipa alipougua surua, mwalimu akamtupa yeye golini, na mgonjwa alipopona akakuta nafasi imeshaliwa. Tangu hapo Gundi alivuka mipaka, akaimbiwa wimbo wa taifa katika miji ambayo hata kuitamka hakuweza, akavunjika vidole na pua. Mabao ya aibu pia alifungwa. Moja lilimpita katikati ya miguu, mama yake mzazi akiwa jukwaani. Bega lilipogoma alistaafu, akafungua duka la mikate, na ile mikono iliyodaka mashuti ikawa inakanda unga.

Lakini watu walimkumbuka kwa jambo moja: penalti ya fainali. Ilikuwa dakika za mwisho, dhidi ya nchi jirani, na mpigaji alikuwa Nyundo, mtu ambaye shuti lake liliwahi kumlaza beki hospitalini. Gundi aliruka kulia, akaupangua mpira. Kombe likaja nyumbani. Nyundo alizomewa kwao hadi sokoni, na tangu siku hiyo kila aliyemwekea kipaza sauti aliambiwa lile lile: "Yule kipa alitoka kwenye mstari kabla sijapiga." Gundi akimsikia redioni, huzima redio na chakula hakishuki.

Sasa, binti yake wa pekee, muuguzi, alipata mchumba, fundi umeme mpole ambaye Gundi alimpenda tangu siku ya kwanza. Jumapili moja wazazi wa kijana walikuwa waje kujitambulisha.

"Baba, nakuomba leo uwe mpole," binti alisema huku akipanga sahani.

"Mimi? Lini nimekuwa mkali?"

Mkewe alikohoa kikohozi kisicho na mafua. Hapo Gundi alipaswa kushtuka, lakini wapi.

Mlango ulipogongwa alikwenda kuufungua mwenyewe. Mbele yake alisimama mzee mwenye ndevu nyeupe na kitambi cha haja. Ndevu hakuzijua. Ila yale matege angeyatambua hata gizani.

"Nyundo!"

"Gundi!"

Wote wawili wakageuka kuwatazama watoto wao. Watoto wakatazama sakafu.

Wakaketi mezani. Nyundo akamega kipande cha mkate, akatafuna taratibu.

"Mkate mtamu. Umeukanda kwa mikono ile ile?"

"Ile ile."

"Na miguu nayo ni ile ile iliyotoka kwenye mstari?"

Kijiko cha Gundi kilianguka. "Sikutoka hata ukucha!"

"Hatua mbili!"

"Refa alikuwa pale pale!"

"Refa alikuwa anatazama saa yake!"

Binti machozi yalimlengalenga. Ndipo mke wa Nyundo, mama mwenye umbo dogo ambaye tangu aingie alikuwa hajasema zaidi ya salamu, akaweka glasi chini.

"Miaka yote hii nalala na hiyo penalti kitandani. Nimechoka kulala watatu. Nendeni mkaipige tena, mrudi tule."

"Uwanja uko nyuma ya shule," mke wa Gundi alidakia. "Na asiyekubali kushindwa si mshindani. Nyanyukeni!"

Habari haina miguu lakini hukimbia. Walipofika uwanjani, nusu ya mtaa ilikuwa imeshajipanga kando. Glavu za Gundi zilikuwa zimeliwa na panya zamani, kwa hiyo alivaa zile za kutolea mikate kwenye tanuri. Nyundo aliazima viatu vya mwanawe, vikubwa kuliko miguu yake. Binti akasimama kando ya mlingoti, macho kwenye miguu ya baba yake, filimbi mdomoni.

Gundi aliinama, akatanua mikono. Moyo ulimdunda kama zamani, naye akashangaa jinsi alivyokuwa akiutamani mdundo ule. Nyundo akarudi nyuma, akaja mbio, akapiga.

Kiatu kikachomoka. Gundi aliona kitu kinamjia usoni kwa kasi, akaruka kulia kama kijana, akakidaka kwa mikono miwili, akaanguka nacho kifuani. Makofi! Alipofungua macho alikuwa amekumbatia kiatu, na mpira ulikuwa unaingia wavuni upande wa pili taratibu, kama mgeni asiye na haraka.

Filimbi ililia. "Bao!" binti alipaza sauti. "Na baba hakutoka kwenye mstari!"

Nyundo aliketi chini kwa kicheko, akacheka hadi machozi, kisha yakabaki machozi matupu. "Mwanangu hakuwahi kuniona nikikufunga," alisema.

Maisha yake yote Gundi alikuwa akiuchukia mpira ukishapita nyuma yake. Leo alijikuta anatabasamu. Akaenda hadi kwa mwenzake, akamvisha kiatu.

"Umenifunga, mkwe."

"Sema tena."

"Umenifunga, bwana! Watu wote hawa ni mashahidi."

Akainama kumwinua, na kiuno kikakataa hapo hapo. Nyundo naye alijaribu kusimama, paja likamkaza. Ikabidi fundi umeme na majirani wawabebe mabingwa hao hadi nyumbani, wakilalamika kwa zamu.

Walilazwa sebuleni, wamepinduliwa kifudifudi, wakachuliwa dawa iliyonuka nyumba nzima. Juu ya migongo yao wake zao, huku wakiwachua, walikuwa wanapanga arusi: tarehe, ukumbi, nguo.

"Na sisi hatuulizwi?" Gundi alinong'ona.

"Nyamaza," Nyundo akamjibu, uso kwenye mto. "Tukiongea watatukanda kwa nguvu zaidi."